Nusu Kikombe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ipokee mara mbili, moja ya leo na nyingine ya siku zote nilizokaa kimya. Nauliza hali yako kwanza, kisha ya Baba, kisha ya goti la Baba, maana nasikia goti lile siku hizi lina maisha yake na linataka lisalimiwe peke yake. Mimi huku sijambo kabisa. Nakula, nalala, na mashavu yameanza kurudi, kwa hiyo ile hofu yako kwamba nakonda kwa kukosa wa kunipigia kelele iweke chini upumzike.

Kabla hujaanza kulalamika kuhusu mwandiko, nikuwahi. Najua utaishika karatasi hii mbali na uso, utamwita Baba, utamwambia aje aone mtoto uliyemsomesha anavyoandika kama kuku aliyekanyaga wino. Meza ninayoandikia ina mguu mmoja mfupi. Ndivyo ninavyokuambia kwa sasa. Soma polepole, tutafika.

Utauliza pia mbona sikupiga simu. Mama, tunajuana. Kwenye simu unaniuliza kama nimekula, nikijibu unampa Baba, Baba ananiuliza kama huku kumenyesha, na mazungumzo yameisha. Na ni wewe mwenyewe uliyesema kwamba maneno ya simu huondoka na sauti, ya barua yanakaa. Leo nina maneno ya kukaa.

Nianze na kazi, kwa sababu nimesikia Baba anawaambia watu kwamba mimi ni mkunga wa michikichi. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, lakini sikuona pa kumsahihisha. Mbegu ya mchikichi ni ngumu kama jiwe na ni mvivu kuliko wote mnaowajua. Ukiizika ardhini inaweza kukaa miezi na miezi ikikutazama tu, na nyingine huoza bila hata kukuaga. Sasa mbegu ikiwa ya thamani na hatutaki kuibembeleza, tunaivunja, tunamtoa mtoto aliyelala ndani, na kumlea sisi wenyewe kwenye chupa nyembamba ya kioo. Mtoto huyo ndiye kiinitete. Ni kijiti cheupe kifupi kuliko punje ya mchele. Tunamtilia jeli yenye sukari na chumvichumvi anazozihitaji, tunamweka gizani mpaka aanze kuvimba, kisha tunamtoa kwenye mwanga awe kijani. Akiota majani na mizizi, anahamia kitaluni na kufunikwa mfuko wa plastiki, na mfuko huo tunaufungua kidogo kidogo ili upepo usimshtue.

Chumba chetu ungekipenda, maana hakina vumbi hata la kuombea. Viatu vinabaki mlangoni, unavaa ndara za mpira, koti jeupe, kofia na barakoa. Pete hazivaliwi, na kucha zinakaguliwa. Mkuu wetu tunamwita Bi Usafi, wala hatumfichi, na yeye analipenda jina hilo. Anaweza kuingia asubuhi, akanusa mara moja, akajua nani amekula kitunguu. Mbele ya kila mmoja wetu kuna kabati la kioo lililo wazi upande mmoja, linalopuliza hewa safi kuja usoni mwako, na ndani yake kuna moto mdogo wa kuunguzia vifaa. Ukiwa hapo huzungumzi. Pumzi ya mtu imejaa vijidudu, na kijidudu kimoja kikiingia kwenye chupa, kesho yake kuna ukungu na mtoto amekufa. Fikiria, Mama, mimi uliyenipa jina la Kasuku, nakaa asubuhi nzima mdomo umefungwa. Wiki ile ya kwanza nilitoka pale taya zinauma kwa kutotumika.

Anayetuvunjia mbegu ni baba mmoja mnene mcheshi tunayemwita Nyundo. Yeye anakaa chumba cha nje, na husema kwamba hapa ndipo mahali pekee duniani anapolipwa kwa kuvunja vitu, maana nyumbani akivunja hata sahani mke wake anamnunia wiki. Na mimi hapa kazini naitwa Sindano. Jina lilikuja mapema, nilipoonekana naweza kumtoa kiinitete kwenye kiini chake bila kumchubua. Waliponiuliza nimejifunzia wapi, niliwaambia nimekulia chini ya cherehani ya mama yangu, na kazi yangu tangu sijaota meno ya utu uzima ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano. Wewe ulisema macho yako hayalioni tundu. Sikuwahi kubisha, ingawa macho hayo hayo yaliniona nikichota sukari jikoni ilhali wewe uko uani na umenipa mgongo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Katika shamba letu la majaribio kulikuwa na mchikichi mmoja ambao wenzake wote waliouzunguka waliugua. Majani yao yalikuwa ya manjano, yakanyauka, yakaning'inia kama nguo zilizosahauliwa kambani. Huo mmoja ulibaki kijani, unang'aa, kana kwamba habari za msiba hazijaufikia. Watu wakaanza kuuheshimu. Wakulima wa pande hizi wamepoteza mashamba mazima kwa ugonjwa huo, na kila mmoja aliyepita pale alikuwa anauliza mbegu zake zitatoka lini. Kisha radi ikaupiga. Siwezi kukueleza tulivyonyong'onyea. Uliacha shina lililopasuka na mkungu mmoja wa chikichi ambazo hazijakomaa.

Chikichi changa ukizipanda zinaoza, hilo kila mtu alilijua. Njia ilikuwa moja, kutoa viinitete mapema na kuvilea wenyewe. Bi Usafi aliuleta ule mkungu ndani amelikumbatia beseni kama mwali, akaliweka mbele ya Nyundo, akamwambia leo asipige kwa hasira. Kisha akanigeukia mimi mbele ya wote, akasema hivi ni vya Sindano, mwingine asiguse. Mama, nilivimba kichwa. Nilitamani ungekuwepo.

Nilifanya kazi ile kwa makini yote niliyonayo. Kiinitete kina ncha mbili. Moja ni ya kunyonya chakula, nayo inaingia kwenye jeli, na nyingine ni ya kuchipua, nayo inabaki juu. Kwa macho ya mgeni zinafanana, lakini mimi nazijua kama unavyojua upande wa ndani wa kitambaa. Nilivipanda vyote, nikaandika alama kwenye chupa, nikavipeleka chumba cha giza. Nikarudi nyumbani nikiimba.

Tulipofungua kile chumba baada ya majuma kadhaa, nilidhani naota. Chupa kwa chupa, vichanga vyangu vilikuwa vimesimama kichwa chini. Machipukizi yamezama kwenye jeli yakihangaika kujikunja, na vimizizi vyeupe vinatazama juu hewani vikitafuta udongo. Si vyote, lakini zaidi ya nusu. Nyundo alichungulia akasema labda radi imeugeuza ule mti mpaka tumboni. Hakuna aliyecheka, naye akaona haya akatoka. Mti mama umekufa, mkungu mwingine hakuna, na vichanga vinakabwa na jeli kwa sababu ya mikono ya mtu aliyeaminiwa kuliko wote.

Bi Usafi hakunifokea. Ningependa angenifokea. Aliniambia nikae kabatini nipande mbegu za kawaida, naye atasimama nyuma ya bega langu aangalie. Nikachukua kibano, nikamshika kiinitete, nikampeleka kwenye mdomo wa chupa. Hapo tukaona wote wawili. Kile kibano kilikuwa kinatetemeka. Kilitetemeka kidogo tu mwanzoni, lakini kadiri kilivyokaribia chupa kilizidi, na kiinitete kikabiringika kikaingia kichwa chini, nami kwa haraka ya kukiwahi kisidondoke nikakisukuma hivyo hivyo.

Nisikufiche, nilikuwa nimekwisha kuona dalili. Funguo zilikuwa zinanichezea mlangoni, na ujumbe wa simu nilikuwa nauandika na kuufuta. Nilisingizia uchovu, nikasingizia majani ya chai, nikamsingizia hata jirani wa juu anayeburuta viti. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio changu kilifichuka mbele ya mkuu wangu wa kazi. Akaniambia niende hospitali, na kwamba kiti changu atakifunika kitambaa, asikikalie mtu mpaka nirudi. Alisema kwa upole, lakini mimi nilisikia kama anafunika maiti. Nililia pale chumba cha kubadilishia nguo, nimekumbatia ndara za mpira. Kazi hii ndiyo ninayoijua, Mama, na naipenda.

Daktari alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Alinifanya ninyooshe mikono, niguse pua yangu kisha kidole chake, nichore mduara, kisha niilaze mikono mapajani. Mapajani ilitulia tuli kama haijui chochote. Akaniambia huu si ugonjwa wa kuua wala wa kupooza. Ni mtetemo tu unaokuja mkono unapokuwa hewani una kazi, na mara nyingi hutembea kwenye damu, mzazi kwa mtoto. Akaniuliza ni nani nyumbani anayetetemeka mikono. Nikamjibu bila kufikiri kwamba hayupo. Nikamwambia baba yangu anatetemeka goti tu, na mama yangu ni fundi cherehani ambaye mshono wake ukiuwekea rula, rula ndiyo itaonekana imepinda.

Nikarudi chumbani kwangu, nikachemsha chai, nikamimina, nikaibeba kwenda mezani. Nikaketi. Nikakitazama kile kikombe, Mama, nikakitazama sana. Kilikuwa nusu. Sikuwa nimekusudia. Nikakumbuka kwamba jana yake kilikuwa nusu pia, na juzi, na sijui tangu lini, kwa sababu nikikijaza kinamwagika njiani.

Nikaanza kulia na kucheka kwa pamoja, mpaka jirani wa juu akaacha kuburuta viti.

Maisha yangu yote mtaa mzima umekuita Mama Nusu Kikombe. Nimekulia ndani ya utani huo. Shangazi alisema mbele ya wageni kwamba nyumbani kwako chai inapimwa kama dawa ya kikohozi, watu wakacheka, na wewe ukacheka nao, ukasema sukari ghali. Mimi mwenyewe niliwahi kukuuliza kwa nini sisi ni wachoyo, ukaniambia nusu ya moto ni bora kuliko nzima ya baridi. Nikaamini. Na kumbe hujawahi kumnyima mtu kitu. Ulikuwa unamrudia kila mgeni na birika mara tatu, mara nne, na hakuna aliyehesabu hilo.

Kisha yakaja mengine, moja likivuta jingine. Ripoti zangu za shule zilisainiwa na Baba. Barua zako zote kwangu ni mwandiko wa Baba, na wewe ukisema umeshona mchana kutwa, kuandika naye afanye. Na sindano, Mama. Macho yako ni mazima. Nilikuwa natunga uzi kwa ajili ya mikono yako.

Basi nami nikuambie ukweli wangu. Meza yangu haina kasoro, miguu yake yote minne iko sawa. Mwandiko huu ni wa mikono yangu, na mikono yangu ni ya kwako. Mtoto wa nyoka ni nyoka, nami nimerithi mpaka mkia.

Sikuandikii kukulaumu kwa kuficha. Ningekuwa wewe ningeficha vilevile. Nani angemletea kitambaa cha harusi fundi anayetetemeka? Nakuandikia kukushukuru, kwa sababu usiku ule ule nilikumbuka siku moja niliyorudi mapema kutoka shuleni na homa. Nilikukuta peke yako. Ulikuwa umechomeka sindano wima kwenye mche wa sabuni ya kufulia, umelaza mikono yote miwili mezani kuanzia kiwiko hadi kifundo, na uzi umeubana katikati ya vidole vya mikono miwili, unausogeza taratibu mpaka ukaingia. Uliponiona ulichomoa sindano haraka ukaniuliza mbona nimerudi. Nilidhani ulikuwa unacheza. Sasa najua kwa nini mishono yako haijawahi kupinda. Kitambaa kilikuwa kimelala mezani, na mikono yako imelala juu yake.

Asubuhi nilikwenda kwa Bi Usafi nikamweleza yote, ya daktari na ya sabuni. Niliposema sabuni uso wake ulichangamka kwa mara ya kwanza, kisha nikamweleza ilikuwa ya kufanyia nini. Akaniambia wewe ungefaa kufanya kazi kwake. Siku hiyo hiyo akampelekea fundi chuma mchoro. Tukatengenezewa kipande cha chuma kinachoingia kwenye joto la kuua vijidudu pamoja na vibano na visu vyetu, chenye bonde la kulazia kifundo cha mkono na tundu la mshazari la kushikilia chupa. Chupa haishikwi tena mkononi. Mikono yangu yote miwili imelala, kibano nakishika kwa vidole vya pande zote mbili, na kinachosogea ni ncha tu.

Tukavitoa vile vichanga vilivyopinduka, kimoja kimoja, tukavisafisha jeli, tukavigeuza. Nilivigeuza mimi. Bi Usafi alisimama nyuma ya bega langu kwa cha kwanza na cha pili, kisha akaenda zake kukagua kucha za watu. Vingine vilikuwa vimechoka mno tukavipoteza, na siku hiyo sikula. Lakini vilivyosalia vilishika. Vilianza kupinda shingo, vikaitafuta taa, vikawa kijani. Wiki iliyopita tuliviondolea mifuko kitaluni, na sasa vimesimama uwanjani vinapigwa na upepo wa kweli, vyote vichwa juu. Wakulima wameanza kupita uzioni kuvichungulia kama watu wanaokuja kuona mtoto mchanga, na Nyundo amejipa kazi ya kuwapokea.

Kile kipande cha chuma Nyundo amekibatiza jina la Sabuni, na jina limeshika. Siku hizi hata wenzangu wenye mikono thabiti wanagombania Sabuni asubuhi, wanasema mgongo hauwaumi. Fundi chuma ameambiwa atengeneze nyingine. Kiti changu kimefunuliwa kitambaa, na bado naitwa Sindano. Kila mtu pale anajua mikono yangu inatetemeka, na nimekuta kwamba baada ya kujulikana inatetemeka zaidi kidogo kuliko zamani lakini hainisumbui kama zamani.

Sikuombi uwatangazie majirani, hilo ni lako na umelitunza vizuri kuliko benki. Ninaloomba ni kwamba barua hii uijibu wewe, si Baba. Herufi zikicheza, zicheze, nitazisoma. Mwambie Baba namsalimu, na goti lake nalo, na kwamba huku hakujanyesha. Msalimie Shangazi pia, umwambie nimemsamehe, asijue kwa lipi.

Mwisho wa mwezi nina likizo, nakuja. Nikifika nitachemsha chai mimi, nami nitakujazia kikombe mpaka ukingoni, na wewe unijazie changu mpaka ukingoni, tuvibebe wenyewe hadi mezani. Tukimwaga, tutapangusa.

Ni mimi mwanao wa damu na wa mikono,

Kasuku